Mayai ya Mama Yule: Askari, Msongo wa Mawazo na Mbinu ya Kujigonga kwa Vidole

Hotuba kwa wajumbe wa polisi jamii kutoka maeneo ya mipakani, iliyotolewa katika kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala



Wapo kati yenu waliosafiri usiku kucha kutoka Mpondwe, Bunagana na Elegu; wapo waliotoka Busia, Malaba na Mutukula kabla jogoo hajawika. Poleni na safari. Tungeweza kuwakutanisha katika ukumbi wa hoteli wenye viti laini, lakini tuliona ni heri mje hapa, kwa kuwa tunalotaka kulisema leo halieleweki vizuri mpaka mtu ameona askari anapolala. Mlipovuka lango mmeziona zile nyumba ndogo za bati, za duara, ambazo sisi huziita yunipoti. Zimerithiwa tangu zama za ukoloni. Katika baadhi ya kambi ghorofa zimejengwa, nasi tunashukuru. Hata hivyo wapo wenzetu wengi ambao mpaka leo hurudi katika bati baada ya lindo la usiku. Saa nne asubuhi bati limekwisha kupata moto, watoto wanacheza mlangoni, jirani anasonga ugali, na huyo aliyekesha barabarani anatakiwa apate usingizi ili jioni arudi kazini akiwa na akili timamu.

Hatusemi haya ili mtuhurumie. Tunayasema kwa sababu askari huyo ndiye mtakayekutana naye kesho kizuizini.

Hebu tuanze na kosa, na kosa lenyewe ni letu sisi tunaowahutubia. Miaka mingi iliyopita tulipangiwa kazi katika kituo kimoja cha mpakani, ambacho hatutakitaja. Juma lile kulitokea ajali ya gari la abiria, nasi tulikuwa miongoni mwa askari waliookota miili. Tukaandika taarifa, tukasaini kitabu cha matukio, tukarudi lindoni. Hakuna aliyetuuliza tulilalaje, nasi hatukumwambia mtu. Siku ya tatu, alfajiri, alipita mama mmoja akiwa na kikapu kichwani. Tulimwamuru asimame. Hakusimama mara moja. Alikuwa amemgeukia mtoto aliyekuwa nyuma yake. Fimbo yetu ilikwenda kabla ya fikira zetu. Haikumpiga mwilini, Mungu ashukuriwe, lakini ilipiga kikapu, na kikapu kilikuwa na mayai.

Mama yule hakupiga kelele. Alitazama mayai yanavyotiririka, kisha akatutazama usoni, akauliza, “Mwanangu, nani amekuudhi leo?”

Swali lile tulilikasirikia siku nzima. Mayai yenyewe hatukuyalipa siku ile, wala wiki ile. Tuliyalipa baada ya miezi minne, tulipomkuta sokoni. Akazipokea fedha, akazihesabu mara mbili mbele yetu, akafunga fundo la leso bila kusema neno. Alikuwa na haki ya kuzihesabu.

Tumelileta jambo hili mbele yenu kwa sababu ndani yake mna elimu ya mwili ambayo hatukufundishwa gwarideni. Mtu anapokutana na hatari, moyo humwenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza, na damu hujaa kemikali za kumtayarisha apigane au akimbie. Ni kipaji cha Muumba, kwani bila hicho babu zetu wasingeokoka na simba. Shida ni kwamba mwili wa askari huitwa katika hali hiyo mara nyingi mno, na mara nyingi hauruhusiwi kupigana wala kukimbia. Anasimama tu. Akizoea kuishi hivyo, mwili husahau njia ya kurudi nyumbani. Ndipo mlango ukibamizwa anaruka, mtoto akilia anafoka, na mwananchi akichelewa kujibu anaonekana adui.

Mizigo hiyo si ya kubuni. Tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika klabu ya raga ya Kyadondo na katika mkahawa wa Kiethiopia hapo Kabalagala, mwendo mfupi kutoka tuliposimama. Watu zaidi ya 70 walikufa. Tarehe 16 Novemba 2021 bomu jingine lililipuka karibu na Kituo Kikuu cha Polisi cha Kampala. Nanyi wa mpakani mna yenu. Watu wa Kisoro mnakumbuka Juni 2022, Bunagana ya upande wa Kongo ilipotekwa na maelfu wakavuka na magodoro vichwani. Watu wa Mpondwe, hatuna haja ya kuwakumbusha usiku wa tarehe 16 Juni 2023 na wanafunzi wale. Askari aliyefika pale alfajiri na mzazi aliyefika pale alfajiri waliona kitu kimoja. Kwa hiyo yale tutakayoyaonyesha si mali ya polisi peke yao.

Mbinu yenyewe ni ya kujigonga kwa ncha za vidole katika sehemu fulani za mwili, huku mtu akitaja kwa mdomo wake linalomsumbua. Tulionyeshwa na mshauri nasaha mmoja, na tunakiri kwamba mwanzoni tulicheka. Ofisa mzima, nyota begani, anajigonga usoni kama mtoto anayejifunza kunawa! Tukajaribu kwa kumwonea haya yule mshauri, tukaendelea kwa sababu ilitufaa.

Asili yake ni hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Kimarekani aitwaye Roger Callahan alianza kuwagongesha wagonjwa wake wenye hofu katika sehemu ambazo tiba ya kale ya Kichina huzichoma kwa sindano au kuzibonyeza kwa vidole. Katika miaka ya 1990 Gary Craig, Mmarekani mwingine, ambaye kwa masomo alikuwa mhandisi, akairahisisha ili mtu yeyote aweze kujifanyia mwenyewe. Hiyo ya pili ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza mtu hujiuliza: usumbufu nilio nao sasa, kwa kipimo cha sufuri hadi kumi, ni ngapi? Askari wengi hujibu sufuri. Tunawasubiri. Baada ya kimya kidogo hujibu saba. Kisha kwa vidole viwili au vitatu vya mkono mmoja hugonga ukingo wa kiganja cha mkono wa pili, upande wa kidole kidogo, polepole, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba ya watu wazima, huku akisema mara tatu sentensi yenye pande mbili. Upande wa kwanza unataja shida bila kuipamba. Upande wa pili unamkubali mwenye shida. Baada ya hapo hugonga mara sita au saba kila mahali: pale nyusi inapoanzia karibu na pua, kwenye mfupa wa pembe ya jicho, kwenye mfupa chini ya jicho, kati ya pua na mdomo, kati ya mdomo na kidevu, chini kidogo ya mtulinga, ubavuni, kama upana wa kiganja chini ya kwapa, mwisho utosini. Kila anapogonga hutaja shida yake kwa maneno machache: “mkono huu unaotetemeka”, “harufu ile ya ajali”. Akimaliza huvuta pumzi ndefu, akajiuliza tena ni ngapi. Ikiwa saba imekuwa tano, anarudia. Ni dakika mbili au tatu tu, na haigharimu shilingi.

Ile sentensi ilitupa taabu. Waliotufundisha walitaka tuseme, “Ingawa nina hasira hii, ninajipenda na kujikubali kwa dhati na kwa ukamilifu.” Hebu mwambieni koplo wa miaka ishirini kazini aseme hivyo mbele ya wenzake! Kwa Kiswahili chetu maneno hayo yanasikika kama barua ya mchumba. Koplo mmoja akatafuta njia yake, akasema, “Ingawa mkono unanitetemeka, bado mimi ni mtu, na kazi nitaifanya.” Tangu siku hiyo tunawaachia watu watunge upande wa pili kwa lugha yao, kwa Lugbara, kwa Lusamia, kwa Lukonzo, kwa lugha waliyobembelezwa nayo na mama zao. Nadhani hata hapo mna jambo la kutafakari kuhusu Kiswahili. Kwa wazee wengi wa nchi hii lugha hii ilisikika kwanza kizuizini, katika kinywa cha mtu mwenye bunduki, na wapo wanaoshtuka wakiisikia mpaka leo. Nyinyi wa mpakani mna bahati, kwa kuwa kwenu ilikuwa lugha ya sokoni kabla ya kuwa lugha ya amri.

Tumeulizwa, na tutaulizwa tena leo, kama huu si uganga. Hapana. Haitajwi roho wala mzimu, hakuna hirizi, hakuna anayelipwa kuku. Mchungaji, sheikhe na asiye na dini wanaweza kuifanya bila kuacha walichonacho.

Swali gumu zaidi ni kama kweli inafanya kazi, na hapo hatutaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Ushahidi upo, na baadhi yake umetoka kwetu. Nchini Rwanda mbinu ya Callahan ilifundishwa kwa viongozi wa jamii, nao wakawahudumia manusura wa mauaji ya kimbari ya 1994. Matokeo ya watu wazima 145 yalichapishwa mwaka 2011 na yalionyesha nafuu. Hapa Uganda watu wa kawaida 36 walifundishwa kwa siku mbili tu, wakawahudumia watu 256 waliokuwa na dalili za kiwewe. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2016, na waliohudumiwa walipata nafuu kuliko waliokuwa bado wakisubiri zamu yao.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Kulinganisha aliyehudumiwa na anayesubiri hakutuambii ni kipi hasa kilichomfaa: vidole, maneno, pumzi, au kuketi na mtu anayemsikiliza. Mwaka 2003 watafiti wawili, Waite na Holder, walichapisha jaribio ambamo baadhi ya washiriki walijigonga katika sehemu zilizoelekezwa, wengine sehemu zisizohusika, na wengine waligonga mwanasesere. Hofu ilipungua kwa makundi yote matatu, hata kwa wale wa mwanasesere. Maelezo kwamba kuna mikondo ya nguvu mwilini inayofunguliwa kwa kugongwa hayajathibitishwa na sayansi. Sisi wenyewe tunaelekea kuamini kwamba kinachosaidia ni kulitaja jambo kwa jina lake huku mwili ukipewa kazi nyepesi yenye mdundo, ili ujue kwamba hatari imepita. Huenda tumekosea. Tunaitumia kama mtu anavyotumia fimbo ya kutembelea, na hatuiapii.

Tena mbinu za namna hii si moja. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya kukabiliana na msongo yanayotolewa kwa sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha; yalijaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini 694 katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini-magharibi mwa nchi yetu, na matokeo yake mazuri yalichapishwa mwaka 2020. Humo hamna kugonga kokote. Mnafundishwa kusikia nyayo zenu ardhini na kuyatazama mawazo mabaya yakipita bila kuyakimbilia. Mwenye kuona haya kujigonga, na afanye hayo.

Sasa tunasema na askari wenzetu waliokaa nyuma, nanyi wageni mtusikie. Usijigonge ukiwa na bunduki mikononi. Kabidhi silaha kwanza kwa utaratibu, kisha rudi nyuma ya gari au ndani ya kibanda, ufanye dakika zako mbili. Usianze na lile kubwa kuliko yote. Mwenye maiti za watoto kichwani asijaribu kuzifungua peke yake usiku, maana kumbukumbu ikimwagika yote kwa pamoja humzamisha mtu. Anza na hasira ya leo asubuhi. Na kama hulali kwa majuma, kama unanywa ili usahau, kama unawaza kujidhuru au kumdhuru mtu, vidole havitakutosha. Nenda kwa daktari. Butabika ipo tangu 1955, na huduma za afya ya akili zinapatikana pia katika hospitali za rufaa za mikoa, kama Arua, Mbale, Masaka, Kabale na Fort Portal, karibu na vituo vyenu vya kazi.

Tunajua kinachowazuia. Mtu huogopa kuitwa mwendawazimu, huogopa kupokonywa silaha na kupangiwa kufagia ofisi, huogopa kupitwa na cheo. Hofu hiyo ina msingi, wala hatutawadanganya kwamba haina. Lakini kumbukeni mwezi Mei mwaka 2023, hapa hapa Kampala, mkopeshaji fedha alipouawa ofisini kwake kwa risasi za askari polisi. Ilielezwa baadaye kwamba askari huyo aliwahi kutibiwa maradhi ya akili na alikuwa amekatazwa kubeba bunduki. Silaha aliyoitumia ilikuwa ya mwenzake. Kwa hiyo koplo anayeona mwenzake haendi sawa, kisha akanyamaza kwa kumwonea huruma, hamsaidii mwenzake wala mwananchi.

Nanyi wananchi, tusieleweke vibaya. Msongo wa mawazo hauhalalishi kofi. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 24, inakataza mateso na matendo ya kikatili au ya kudhalilisha, na ibara ya 44 inasema haki hiyo haiondolewi kwa sababu yoyote. Mwaka 2012 ikatungwa sheria mahususi dhidi ya mateso. Askari akikupiga, hutakiwi kumuuliza kwanza kama amelala. Una haki ya kumshtaki katika kitengo chetu cha nidhamu na viwango vya kazi, au Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Tungekuwa wanafiki kuwafundisha askari kujituliza huku tukiwaziba nyinyi midomo. Mama yule wa mayai angeweza kutushtaki, na tungestahili.

Tunaloomba kwenu ni dogo kuliko hilo. Mkimwona askari nyuma ya gari akijigonga chini ya jicho, msimchekee wala msimpige picha ya kusambaza kwenye simu. Mpeni dakika zake mbili, foleni itasogea. Na katika mikutano yenu ya kijiji, mwenyekiti wa LC akimwalika mkuu wa kituo kuzungumzia magendo na wizi wa ng'ombe, mwulizeni pia askari wake wanapumzika saa ngapi kwa juma. Sisi tukiuliza ndani huonekana tunanung'unika. Mkiuliza nyinyi, huandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kwa madereva wa malori tunaongeza neno moja, maana mjumbe wa Malaba ametuambia asubuhi kwamba kusubiri siku mbili kwenye foleni huwafanya watu wazima walie. Mkikaa ndani ya lori hamna kazi ya mikono. Jaribuni hapo kwanza, kabla ya kushuka kwenda kugombana na ofisa wa forodha. Mkiona haikusaidia, mje mtuambie haikusaidia. Nalo hilo tutalichapisha katika jarida hili.

Sasa tutafanya zoezi moja kwa pamoja, kisha yatafuata maswali. Asiyetaka na akae tu, hatutamwandika jina. Wenzetu wa Elegu wametuarifu kwamba gari lao linaondoka saa kumi, kwa hiyo maswali yao yatatangulia. Askari wenye silaha, tafadhali mzikabidhi kwa sajenti pale mlangoni kabla hatujaanza. Haya, kila mtu anyooshe mkono wa kushoto mbele yake, na ajiulize kimoyomoyo: sasa hivi, kwa sufuri hadi kumi, nina ngapi?